Mume wangu hataki mama yake ahame, na mama mkwe anazidi kunyauka

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Santa Clarita, kaskazini mwa Los Angeles. Mume wangu ni Mkorea. Wazazi wake walihamia Marekani mwaka 1983 yeye akiwa na miaka 8, naye ndiye mtoto wao wa kwanza wa kiume. Walifungua duka la vyakula kusini mwa jiji, likaungua katika ghasia za Aprili 1992. Wakaanza upya kwa kupiga pasi kwenye duka la dobi la mtu mwingine, mpaka wakapata la kwao. Sisi tuna watoto wawili, binti wa miaka 14 na mvulana wa miaka 11.

Baba mkwe alifariki mwaka juzi. Walikuwa wakiishi Koreatown, mtaa wa Wakorea jijini Los Angeles, kwenye fleti ya kupanga yenye chumba kimoja cha kulala. Hata arobaini haijafika, mume wangu alivunja mkataba wa fleti akamleta mama kwetu. Mama hakuulizwa, na mimi niliona ni sawa tu, maana kwetu mjane haachwi akalala peke yake. Tulimpa chumba cha chini chenye choo chake, tukamwekea televisheni yenye chaneli za Kikorea.

Sasa ana miaka 78 na amekuwa mtu mwingine. Anaamka saa tisa usiku, anakaa jikoni bila kuwasha taa. Tukiwa mezani anasema ameshiba; tukiondoka ndipo anakula wali uliotiwa maji na kimchi, ile kabichi yao iliyochachushwa kwa pilipili, amesimama karibu na sinki. Hiyo kimchi yenyewe ameihamishia gereji tangu siku mwanangu alipoleta wenzake, mmoja wao akaziba pua. Mama hakusema neno. Amekonda, anashusha pumzi kutwa, analalamika kifua kinawaka na kooni kuna kitu kimekwama. Tumempeleka kwa daktari wa moyo na wa tumbo, mume wangu akimtafsiria, na vipimo vyote vinarudi vizuri. Zamani alikuwa mwanakwaya. Kanisa lao liko Koreatown, na yeye haendeshi gari, kwa hiyo sasa anafika huko labda mara moja kwa mwezi, mume wangu akipata nafasi. Mtaani kwetu hata duka la mkate ni mwendo wa nusu saa kwa miguu, kando ya barabara ya magari tu.

Kilichonisukuma kuandika ni hiki. Juzi binti yangu aliniambia kwamba halmoni, ndivyo wanavyomwita bibi yao, amemwambia kwa Kiingereza chake kidogo: "Bibi akifa haraka, nyote mtapumzika."

Wiki hiyohiyo ikaja barua. Miaka mingi nyuma, yeye na marehemu waliomba nyumba ya wazee yenye ruzuku ya serikali huko Koreatown. Jina lake sasa limefikiwa, na muda wa kujibu ni mfupi. Mama aliisoma, akalia, akaitia ndani ya Biblia yake. Kisha akasema, "Mtakavyoamua ninyi." Mume wangu hataki hata kulisikia jambo hilo. Anasema mtoto wa kwanza akimwacha mama yake aende kuishi nyumba ya serikali, yeye uso wake ataupeleka wapi kanisani? Na kuna jingine ambalo halisemi ila nalijua: watu watasema mke wake Mwafrika ndiye aliyemfukuza mama.

Shangazi, mama huyu hakuja kwenye harusi yetu. Lakini binti yetu alipozaliwa alibisha hodi na sufuria ya supu ya mwani, akakaa mwezi mzima akinipikia supu hiyo, kama wafanyiwavyo waliojifungua kwao. Mimi niliyeona mwani ukianikwa ufukweni tangu utotoni bila kuuonja, niliunywa asubuhi na jioni. Tangu hapo namwita eomeonim, kama wake wa kwao wanavyomwita mama mkwe. Sitaki kumpoteza, wala sitaki ionekane mimi ndiye niliyemtoa. Mama yangu Tanga nilipomweleza alinijibu kwa kifupi: mzazi hatolewi nyumbani.

Huu ni ugonjwa, ni upweke, au ni sisi wenyewe? Na hiyo barua tuifanyeje?

Mkwe wa watu, Santa Clarita

Marahaba mwanangu,

Nianze na maneno aliyoambiwa binti yako. Mengine yote yanaweza kusubiri siku mbili tatu, hilo haliwezi.

Ni kweli wazee wengi husema "nife mpumzike" bila nia ya kujidhuru. Bibi zetu nao husema. Lakini mjane wa miaka 78 ambaye halali, hali vizuri na amekonda, akimwambia mjukuu maneno hayo, lazima aulizwe. Kwa miaka mingi Korea Kusini imekuwa miongoni mwa nchi zilizoendelea ambazo wazee wake hujiua kwa wingi zaidi, na wazee waliohamia Marekani walikuja na malezi yaleyale ya kuogopa kuliko yote kuwa mzigo kwa watoto. Kwa hiyo leo hii kaa naye wawili tu, umuulize kwa maneno mepesi: Mama, unatamani kufa? Umewaza kujiua? Umefikiria utafanyaje? Usihofu kwamba swali litamtia wazo hilo kichwani, halimtii. Mara nyingi mzee hupata nafuu akijua yupo mtu anayeweza kulisikia neno hilo bila kupiga ukelele.

Akikubali, au ukiona anakwepa, piga 988, namba ya Marekani ya kuwasaidia watu wanaowaza kujiua, saa yoyote, uombe mkalimani wa Kikorea. Akiwa ameshafikia kupanga namna, asiachwe peke yake hata kidogo, apelekwe hospitali kitengo cha dharura. Dawa zote za nyumbani, zake na zenu, zifungieni kabatini. Kama mna bunduki, iondoke ndani ya nyumba. Na binti yako mshukuru kwa kukuambia, umhakikishie kwamba jambo hilo sasa liko mikononi mwa watu wazima, kwa sababu mtoto wa miaka 14 anaweza kulala nalo miezi.

Sasa swali lako. Kwa dalili ulizozieleza, nashuku sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, na sonona inatibika hata katika umri wake. Watafiti wamelirudia hili mara nyingi: wazee wa Kikorea walioko Marekani wana dalili za sonona kwa wingi kuliko wazee wengi wenzao, lakini wachache mno hufika kwa mtaalamu. Ni nadra umsikie mmoja wao akisema ana huzuni. Atasema tumbo, atasema kichwa, atasema kifua. Wakorea wanaijua vizuri hali ya mtu aliyemeza uchungu na hasira miaka mingi mpaka vikageuka joto kifuani, donge kooni na pumzi za kushusha. Wanaiita hwabyeong, na wataalamu wa akili wa Marekani waliiorodhesha katika mwongozo wao wa mwaka 1994. Sikuambii ndiyo inayomsumbua mama yako mkwe, hilo ni la daktari. Ila mtazame alikopita: utotoni vita vya 1950 hadi 1953, ukubwani kuhama na kuanza na lugha asiyoijua, kisha Aprili 29, 1992 na siku zilizofuata, ambapo maduka ya Wakorea zaidi ya elfu mbili yaliporwa au kuchomwa, la kwake likiwamo. Akarudi kazini kupiga pasi. Umewahi kusikia akisimulia siku hizo? Nadhani hajawahi kuulizwa.

Kuna kitu ulikigusa kwa maneno matatu ukapita: mume wako akimtafsiria. Mimi naona hapo ndipo mlipopotelea. Mama amekaa mbele ya daktari asiyejua lugha yake, na kila neno lake lazima lipite kinywani mwa mwanawe wa kwanza. Atasemaje "sitaki kuishi"? Atasemaje "nyumbani kwako sina raha"? Atasema kifua, kwa sababu kifua kinaweza kutafsiriwa bila kumvunjia mtoto heshima. Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii na wazee wahamiaji hapa California kwa miaka mingi, na hili nimelikuta kwa Wakorea, kwa Waethiopia, kwa Wasomali, hata kwa wazee wetu wa Kiswahili wanaopelekwa hospitali na watoto wao. Hospitali na kliniki zinazopokea fedha za serikali kuu zinawajibika kutoa mkalimani bila malipo. Mwombeni mapema mnapoweka miadi. Bora zaidi tafuteni daktari anayezungumza Kikorea, na Los Angeles wako wengi. Mume wako ampeleke, amshike mkono mpaka mlangoni, kisha asubiri nje.

Huyo daktari apime pia tezi ya shingo, vitamini B12, masikio na kumbukumbu, kwa kuwa matatizo ya hapo huweza kufanana na sonona. Lipo dodoso fupi la sonona ya wazee lililotafsiriwa kwa Kikorea, linajazwa kwa dakika chache tu. Akiandikiwa dawa, aelezwe kwamba huchukua wiki kadhaa kuonyesha nguvu yake na haziachwi ghafla. Na mwulizeni kwa upole kama anatumia dawa za mitishamba au ginseng, maana wazee wengi hunywa bila kumwambia daktari, na ginseng inaweza kuvuruga dawa za kuzuia damu kuganda.

Upweke nao upo, tena wa kushikika. Ndani ya siku arobaini mama huyu alizika mume, akaondolewa kwenye kitanda walicholala wote, akaachana na kwaya, majirani, na mitaa anayoijua. Koreatown, mzee asiye na Kiingereza ni mtu kamili. Anashuka mwenyewe kununua tofu na figili, anaweka pesa benki, anakwenda kwa daktari wa meno, anabishana na mwenye duka juu ya bei ya samaki, yote kwa lugha yake, na mabasi ya barabara za Olympic na Western yanapita. Huko kwenu Santa Clarita hawezi hata kununua mkate bila kumwomba mtu. Mlimleta kwa upendo, hilo silitilii shaka. Lakini mzee aliyesimamia duka na kulea watoto, leo anangoja kupelekwa, anangoja kutafsiriwa, na wajukuu wamekua hawahitaji tena kubebwa. Kazi aliyobakiwa nayo ni kujificha asiwasumbue, na anaifanya kwa bidii: usiku jikoni gizani, chakula kwenye sinki, kimchi gereji.

Januari 2014, kule Flushing, New York, wazee wa Kikorea waliandikwa magazetini kwa sababu walikuwa wakikaa saa nyingi katika mgahawa mmoja wa McDonald's kwa kahawa ya bei ndogo, mpaka polisi wakaitwa kuwaondoa. Watu wakashangaa kwa nini hawaendi kwenye vituo vya wazee. Wao waliondolewa, wakazunguka kidogo, wakarudi. Pale palikuwa na marafiki zao, palifikika kwa miguu, na walikwenda wenyewe bila kupelekwa na mtoto. 

Kwa hiyo kuhusu barua ya nyumba, maoni yangu ni haya: jibuni ndiyo, wiki hii. Kawaida mimi huwaambia watu wasifanye uamuzi mkubwa wakiwa katikati ya sonona, kwa maana ugonjwa wenyewe humfanya mtu aone kila mahali ni pabaya. Hapa nina sababu ya kwenda tofauti. Ombi hilo aliliandika akiwa mzima, na mumewe akiwa hai. Sonona haikuwapo. Mkiacha muda upite, jina linaweza kufutwa na akaanza tena mwisho wa foleni, ambayo kwa umri wake ni sawa na kukosa kabisa. Kujibu ndiyo hakumlazimu kuhama kesho: kuna mahojiano na kuhakiki kipato, na hayo huchukua muda ambao ninyi mtautumia kwa matibabu. Katika nyumba nyingi za namna hiyo kodi ni asilimia 30 ya kipato cha mzee, basi hata pensheni ndogo inatosha.

Lakini asilale peke yake huko mpaka daktari aliyezungumza naye kwa Kikorea aseme hakuna hatari. Hilo msilifanyie mzaha. Majuma ya kwanza mume wako alale kwake, au wewe, mkishaiuliza ofisi ya nyumba kanuni za wageni. Ulizieni kituo cha kulea wazee mchana. Koreatown viko vyenye chakula cha Kikorea na gari la kuwachukua na kuwarudisha. Kituo cha wazee cha Koreatown kina madarasa pia, na mwanakwaya hatakosa la kuimba hapo. Kama ana Medi-Cal, bima ya afya ya California ya wenye kipato kidogo, anaweza kustahili msaidizi wa nyumbani anayelipwa na mpango wa jimbo uitwao IHSS, na anaweza kumchagua mwenyewe. Kama anapokea SSI, posho ya serikali kuu ya wazee wenye kipato kidogo, toeni taarifa ya kuhama mara moja, kwa sababu malipo yake huangalia mtu anaishi wapi na nani analipa kodi.

"Mtakavyoamua ninyi" si jibu la kufanyia kazi. Mpeni nafasi ya kusema mbele ya mtu mwingine, kwa lugha yake, mwanawe akiwa hayupo: mwanamke wa rika lake kutoka kwaya, au mfanyakazi wa ustawi wa jamii wa Kikorea. Akisema anataka kubaki kwenu, abaki, ila maisha ya ndani yabadilike: kanisa kila Jumapili, kituo cha wazee siku kadhaa za wiki, na kimchi irudi jikoni. Kimchi irudi hata kama anahama. Hiyo ni kazi yako na ya mwanao, na mvulana wa miaka 11 anaweza kufundishwa kumwambia rafiki yake kwamba hiki ndicho chakula cha bibi yangu.

Mume wako namwonea huruma. Alifiwa na baba, na nadhani alipokwenda kuvunja mkataba wa ile fleti alikuwa akifanya jambo pekee ambalo mtoto wa kwanza wa kiume anajua kulifanya msibani. Zungumza naye hivyo kwanza, kabla ya kumwambia lolote kuhusu nyumba. Halafu mkumbushe taratibu kwamba Korea anayoitetea ni ile waliyoiondoka mwaka 1983. Huko kwenyewe mambo yamebadilika: tangu mwaka 2008 kuna bima ya taifa ya matunzo ya muda mrefu ya wazee, na wazee wengi leo wanaishi mbali na nyumba za watoto wao. Wajibu wake kwa mama haujaondoka, umebadilika sura tu. Ni yeye wa kumpeleka kanisani na kukaa naye ibada nzima, ni yeye wa kulala kwenye godoro la wageni, ni yeye wa kupiga simu kila jioni. Kutoka Santa Clarita kuna treni ya Metrolink hadi Union Station, kituo kikuu cha Los Angeles, na hapo treni ya chini ya ardhi mpaka Wilshire na Vermont, Koreatown. Chagueni siku moja ya wiki ya kwenda na watoto, na siku hiyo isihamishwe kwa mechi wala kwa kazi.

Maneno ya kanisani yatasemwa. Kwa namna ulivyoieleza ndoa yenu, yalikuwa yakisemwa tangu mwanzo. Wewe usijitetee kwa mtu yeyote, na usiwe mbele katika jambo hili hata pale unapojua zaidi yao. Habari ya kuhama aitangaze mama mwenyewe kwa wenzake wa kwaya, ikiwa ndivyo alivyochagua, na mume wako awe amesimama karibu yake. Kwenye mahojiano ya nyumba waende wao wawili. Wewe baki nyumbani, uwapikie. Na kama hujawahi kumwomba akufundishe ile supu ya mwani, mwombe wiki hii, muipike pamoja mchana, mle mmekaa mezani.

Uniandikie baada ya kumwona daktari.

Shangazi